Loji ya kifahari Serengeti: pesa yetu ilikwenda wapi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kwa kila niliyemwambia tulikolala. Kwenye tovuti ya loji bei imeandikwa kwa dola, kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, na ukiigeuza shilingi inavuka milioni mbili. Usikate tamaa hapo. Loji nyingi za Serengeti zina bei nyingine kwa raia na wakazi wa Afrika Mashariki, ila hawaitangazi. Inabidi upige simu au uandike, uulize waziwazi. Sisi tulipouliza tulitumiwa karatasi tofauti kabisa, chini ya nusu ya ile ya kwanza, na ndani yake mna milo yote, vinywaji vya kawaida na gemu draivu, yaani mzunguko wa gari kutazama wanyama, ya asubuhi na ya jioni. Bado ni hela nzito. Jina la loji silitaji kwa sababu nina malalamiko mawili matatu, na mengi nitakayosema yatakufaa hata ukilala kwa jirani yake.

Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kando. Kwa mtu mzima raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 10,000 na VAT juu yake, yaani 11,800, wakati mgeni wa nje analipa dola 70 kabla ya VAT. Beba kitambulisho cha taifa, na usitegemee noti mfukoni, maana getini wanataka kadi au control namba, ile namba ya malipo ya serikali.

Tunaishi Mwanza, kwa hiyo tulipitia geti la Ndabaka, lililo kando ya lami ya Mwanza kwenda Musoma. Huwa nashangaa watu wa Kanda ya Ziwa wanaozunguka hadi Arusha kuitafuta Serengeti. Ukitokea Arusha unakatiza kwanza Ngorongoro, na kule unalipa hata kama unapita tu, kisha kuna kipande cha vumbi mpaka geti la Naabi ambacho mgongo wako hautakisahau. Ndabaka unaacha lami, unalipa, muda si mrefu uko na pundamilia. Ubaya wake ni udongo mweusi. Ukanda wa Magharibi wa hifadhi una mfinyanzi unaonasa, na masika yakikolea hata fowili, gari la kuvutwa na magurudumu yote manne, inakaa chini mpaka lije trekta. Ndiyo maana tulikwenda mwanzoni mwa Juni, na pia kwa ajili ya nyumbu, ambao wakati huo wanakuwa wameacha nyanda za kusini wakielekea mto Grumeti.

Hilo la mwezi lizingatie kuliko picha za chumba. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Ukilala kaskazini mwezi wa pili wakati nyumbu wanazalia Ndutu, kule kusini, au ukalala kusini mwezi wa nane wakati wanavuka mto Mara kule Kogatende, utakuwa umenunua kitanda kizuri na safari ndefu ya gari kila siku. Mawakala wengine hawakwambii, wanauza chumba kilicho wazi.

Tulipofika tulipewa vitambaa vya baridi vya kufutia uso, juisi ya ukwaju, na Kiingereza. Kijana wa mapokezi alitusomea maelezo yote kwa Kiingereza. Namjibu kwa Kiswahili, anarudi kulekule. Sikukasirika, kwa kuwa wengi wanaoshuka pale wametoka mbali. Mke wangu ndiye aliyemaliza kazi. Amekulia Bunda, na alipomsikia dereva wa loji akiongea na wenzake kwa lafudhi ya Mara akamwuliza kwao ni wapi. Mugumu. Basi, kuanzia dakika ile yeye akawa dada na mimi nikawa shemeji, na utani ulioanza pale haukukoma mpaka tunaondoka.

Chumba ni hema kwa jina tu. Sakafu ya mbao, kuta za turubai, kitanda cha kulala ukoo, kibaraza kinachotazama bonde. Usafi sina la kusema. Kilichonikera ni beseni la kuogea, jeupe, kubwa, limewekwa mbele ya dirisha ili uoge ukitazama twiga, na kando yake kuna kibao kinachokuomba ubane maji kwa sababu yanaletwa na bowza. Sasa tushike lipi? Sisi tulilifanya pa kuwekea mabegi. Bafu la kusimama lilitosha, maji ya sola jioni yanaunguza na alfajiri ni vuguvugu.

Halafu jenereta. Tovuti inasema umeme wote ni wa jua. Kuanzia giza linapoingia hadi saa nne usiku kulikuwa na jenereta inanguruma nyuma ya jiko, na hema letu lilikuwa upande huohuo. Niliomba tuhamishwe, nikaambiwa pamejaa, ilhali chumba cha chakula nusu ya meza zilikuwa tupu. Meneja akaja mwenyewe kuomba radhi, na chupa ya mvinyo mkononi. Mimi sinywi.

Ikishazimwa ndipo unajua uko wapi. Loji haina uzio, kwa hiyo usiku hutembei peke yako. Unapiga simu, anakuja askari na tochi na redio ya upepo, anakusindikiza huku akimulika vichakani kutafuta macho yanayong'aa. Kuhusu usingizi, niwe mkweli: Juni nyumbu wanapandana, na dume mwenye wivu halali. Wanaguna usiku kucha kama vyura wa mabwawa yote ya Usukuma wameitwa mkutano. Wageni wa hema la jirani walilalamika asubuhi. Mimi kwa kelele hizo ningeongeza hela.

Na sasa nifike kwa yule kijana wa Mugumu, maana kama kuna kitu kilichostahili bei ile ni yeye. Alfajiri tunaondoka kabla hakujapambazuka vizuri, chai ya tangawizi kwenye chupa, blanketi magotini. Hakukimbiza gari kama wale wanaotaka kukuonesha wanyama watano wakubwa kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi ya kwanza alizima injini mbele ya dume mmoja wa nyumbu aliyekuwa anazunguka kipande kidogo cha majani, kichwa juu, mate yanamtoka, akimfukuza kila dume aliyekanyaga na kumzuia kila jike aliyepita. Nikadhani amechanganyikiwa.

"Shemeji, hicho ni kiwanja chake," akasema. "Lakini ni cha leo tu. Kundi likisogea kesho naye anasogea, anapima kingine."

Akatueleza kwamba mimba ya nyumbu ni kama miezi minane, na kwa kuwa wanapandana karibu wote kwa wakati mmoja, wanazaa pia kwa wakati mmoja, mwishoni mwa Januari na Februari, kule kusini kwenye majani mafupi yaliyoota juu ya majivu ya volkano, yenye madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Simba na fisi wanakula mpaka wanachoka, na ndama wengi wanabaki. Nimesoma habari za nyumbu tangu shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuniunganishia ugomvi wa Juni na ndama wa Februari. Tulikaa na dume yule mpaka jua likawa kali. Hakupata jike hata mmoja.

Siku tuliyokwenda hadi Seronera, katikati ya hifadhi, redio ya kijana wetu haikunyamaza: simba wamelala kando ya barabara, njooni. Kwa mbali tuliona magari yamejipanga vumbi tupu. Alituuliza kama tunataka kwenda, kwa sauti ya mtu anayeomba tukatae. Tukakataa. Akafuata mto polepole, akitazama miegea, ile miti yenye matunda marefu kama soseji.

"Msitafute chui. Tafuteni mkia."

Nilichokiona mimi kwanza ni miguu. Miguu minne myembamba ya swala tomi ikining'inia kwenye panda la tawi, kwato safi kabisa. Ndipo jicho likapanda, likakuta mkia, kisha mgongo, kisha chui mzima amelala kifudifudi juu ya tawi, mikono huku na huku, tumbo limejaa linapanda na kushuka. Nzi walikuwa kwenye pua yake, na hakujishughulisha nao. Kutoka nje ya barabara pale ni marufuku, kwa hiyo tulimtazama kwa darubini, tukipokezana. Gari la kampuni nyingine lilipofika likaingiza magurudumu kwenye nyasi ili wageni wake wapige picha vizuri. Kijana wetu akashusha kioo, akamwambia dereva mwenzake maneno mawili kwa upole ambao ungemwaibisha mtu yeyote, na gari likarudi nyuma. Kwa ufupi, ukiweka nafasi, usiulize tu kama kuna bwawa la kuogelea. Uliza dereva wa loji amekaa eneo lile miaka mingapi, na kama gari utashirikiana na wageni wangapi wengine.

Kuna jambo ambalo loji haikulipanga na siwezi kuliacha. Jioni moja tulikuta familia ya tembo inavuka barabara, watoto katikati, kiongozi amesimama anatupima. Wageni wawili tuliokuwa nao garini, mtu na mkewe kutoka Ubelgiji, walikuwa wanalia machozi ya furaha. Mke wangu alikuwa amekunja mikono.

"Hawa ndio waliomaliza mahindi ya baba," akasema.

"Dada, hapa wako kazini," kijana akamjibu, "kule kwenu huwa wanakwenda likizo."

Tukacheka sote, lakini si utani mtupu. Serengeti ni hifadhi ya taifa tangu 1951, na mpaka wake upande wa vijiji vya Bunda na Mugumu hauna ukuta. Tembo anavuka usiku, anavuna asichopanda, anarudi kabla ya mapambazuko. Watu wanakesha shambani na matochi, madebe na moshi wa pilipili. Serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, na jina lenyewe linakueleza ukubwa wake. Wabelgiji wakauliza tunacheka nini, kijana akawatafsiria yote, bila kupunguza. Nadhani hawakutegemea. Chakula cha usiku walikuja mezani kwetu na maswali, na hayo yalikuwa mazungumzo bora kuliko kile kipindi cha "utamaduni" ambacho loji huandaa, ngoma kidogo na makofi.

Mbung'o sasa. Barua ya uthibitisho ilitaja aina za mvinyo, mavazi ya chakula cha jioni na nywila ya intaneti. Haikutaja mbung'o hata kwa neno moja, na Ukanda wa Magharibi ni kwao. Wanafuata gari linalotembea, wanapenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, na wanauma juu ya nguo. Ndiyo maana unaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kwenye miti. Ni mitego yenye dawa. Mama wa Kibelgiji alikuwa amevaa shati la buluu jipya kabisa la safari. Vaa kaki, rangi ya udongo au kijani kilichofifia, mikono mirefu, na usitegemee dawa ya mbu, hawaijali.

Chakula ni kizuri kwa namna ya hoteli zote kubwa, supu ya maboga, samaki kwenye mchuzi wa limau, keki ndogo zisizo na mwisho. Siku ya pili nikamwuliza mpishi wao wanakula nini. Akacheka, akaniletea ugali na dagaa wa Musoma waliokaangwa na nyanya, kwenye sahani ileile ya kifahari yenye ukingo wa dhahabu, na mhudumu akamwaga maji ya kunawa kwa heshima zote. Waombe. Hawaweki kwenye menyu, lakini wanafurahi ukiuliza, na bei haiongezeki.

Mwisho wa yote ni hesabu. Ukilipa kwa mashine ya kadi wanakuongezea asilimia juu, kwa hiyo lipa kwa uhamisho wa benki kabla hujaondoka nyumbani. Na chumbani kuna karatasi inayopendekeza bakshishi kwa dola, kiasi cha dereva na kiasi cha sanduku la wafanyakazi wote. Kwa mwenye mshahara wa shilingi viwango vile ni vya kuchekesha, usijilazimishe. Toa kinachoeleweka na utoe kwa shilingi, hakuna anayenuna. Ya kijana nilimpa mkononi, akaitia mfukoni bila kuifungua, akaniuliza kama mafuta yatatufikisha Lamadi. Ya sandukuni nayo nikaweka, kwa sababu kuna watu waliopiga pasi mashuka yale kila siku na hatukuwaona sura.