Keisi ya zamani nimeigeuza PC ya sebuleni, huu ndo uzoefu wangu

Nilikuwa na keisi moja ya kompyuta, ya kulala, zile pana za zamani ambazo monita ilikuwa inakaa juu yake, imekaa stoo inakula vumbi na kila nikitaka kuitupa roho inasita maana bati lake ni zito kweli. Miezi 8 iliyopita nikaamua iwe kompyuta ya kuangalia muvi, ikae pale chini ya TV. Nimeitumia vya kutosha sasa, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Kilichonifurahisha mwanzo kabisa ni kwamba vipimo bado vinaingiliana. Keisi ni ya ATX, mpango wa vipimo vya keisi na bodi uliotoka 1995, na mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) niliyoweka ni kale kadogo ka Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, lakini matundu yake manne yamekaa sawasawa juu ya vile vipingili vya shaba vya kuinulia bodi vilivyokuwemo tangu zamani, na lile bati la nyuma la kutokezea USB na HDMI likaingia kwa kubonyeza tu. Vipingili ambavyo havina tundu juu yake ving'oe vyote, kimoja kikigusa bodi kwa chini kinaweza kupiga shoti.

Waya za mbele ndo zilitaka subira. Taa ya pawa ya hizi keisi ina kiplagi cha matundu matatu, la katikati tupu, wakati mazabodi za sasa pini zake ni mbili na zimebanana. Nikachukua sindano ya kushonea, nikanyanyua kale kalimi ka plastiki taratibu, waya ukachomoka, nikauhamishia tundu la katikati na plastiki iliyozidi nikaikata. Nikabonyeza swichi, taa ile ile ya kijani ya miaka yote ikawaka. Aisee nilifurahi mno.

Pawasaplai ya zamani usihangaike nayo, yangu ilikuwa ya pini 20 na haina hata waya mmoja wa SATA, ule wa kupeleka umeme kwenye diski za sasa, weka mpya. Na ile ya zamani usiifungue, hata ukishaichomoa ukutani kapasita zake zinabaki na umeme.

Sasa kelele. Hapa ndo kazi yote ilipo na nasema kwa moyo wote, kama hutashughulikia kelele bora usianze. Keisi ilikuwa na feni ya milimita 80, na feni ndogo ili isukume hewa ya kutosha lazima izunguke kwa kasi, sasa ukifika pale kwenye muvi watu wananong'ona unachosikia ni feni tu. Nikatoa kila kitu ndani, kila kitu kabisa, kwa sababu chembe moja ya chuma ikibaki inaweza kuua mazabodi, nikachora duara ubavuni, nikatoboa vitundu vingi kufuata mstari, nikamalizia kwa msumeno, nikapiga tupa na msasa mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzi, nikafunga feni ya milimita 120 kwa vishikizo vya raba badala ya skrubu. Inazunguka kama mara 700 kwa dakika na nikikaa kwenye kochi siisikii. Hadidiski nayo ilikuwa inatetemesha bati zima na mtetemo unaingia mpaka kwenye mbao za meza ya TV, nikaitoa, nikaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, muvi zenyewe nimezihifadhi kwenye mashine nyingine chumba cha pili.

Rimoti je? Nilitegemea rimoti ya TV ingeendesha kila kitu kupitia waya wa HDMI lakini kompyuta nyingi hazina hiyo kitu mpaka ununue adapta yake, kwa hiyo nikatumia kipokezi cha USB, nikakificha kwenye lile tundu la flopi hapo mbele. Juu yake nikagundisha kile kiplastiki cheusi cha rimoti mbovu, kinapitisha mwanga wa rimoti na kwa macho huoni kitu. Mtu akiingia sebuleni anajua ni amplifaya.

Programu ya kuendesha kompyuta ni LibreELEC, ukiwasha inakupeleka moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuangalia muvi, ile iliyokuwa inaitwa XBMC mpaka 2014. Jambo moja usilisahau, washa ile setingi ya kubadilisha rifreshi ya TV, yaani mara ngapi kwa sekunde inaonyesha picha, ifuate video. Muvi nyingi zina picha 24 kwa sekunde na TV ikiwa kwenye 60 hesabu haigawanyiki, picha moja inaonyeshwa mara mbili inayofuata mara tatu, na kamera ikizunguka polepole unaona inakwamakwama. Niliisumbukia wiki nzima nikidhani prosesa imezidiwa.

Kinachoniudhi mpaka leo ni huduma za kulipia za muvi, nyingi kwenye kompyuta ya namna hii zinakupa picha ya ubora wa chini tu hata kama umelipia, kwa hiyo kama unachoangalia ni hizo peke yake nunua kidude cha kuchomeka kwenye TV. Kwa mwenye muvi zake mwenyewe, ifanye bila wasiwasi. Ila iachie nafasi juu na ubavuni ipumue, mimi niliibana kwenye shelfu siku mbili tu joto likapanda na feni ikaanza kupiga kelele, nikaitoa nikaiweka wazi, ikatulia.