Programu ya Hisabati inayokula akiba ya mtu: nyota moja, pengine mbili

Hivi mtu aweke shilingi 50,000 kila mwezi mwaka mzima, riba asilimia 1 kwa mwezi nayo ikiongezwa kwenye mtaji, halafu mwisho wa mwaka aambiwe ana 55,783? Laki sita zake zimeenda wapi?

Hilo ndilo jibu "sahihi" la swali la akiba kwenye programu hii ya simu, mada ya mfuatano na mfululizo wa kijiometri, yaani namba ambazo kila moja ni iliyotangulia mara uwiano uleule, na jumla ya namba hizo. Ukijibu tofauti inakupa kosa. Walipopotea panaonekana wazi: wamekokotoa 50,000 × 1.01¹¹, yaani namba ya kumi na mbili peke yake, wakati swali linataka jumla ya namba zote kumi na mbili. Na neno "jumla" wameliandika wenyewe!

Kila 50,000 ina umri wake benki. Ya Januari, ikiwekwa mwanzoni mwa mwezi, inapata riba mara 12, ya Februari mara 11, ya Desemba mara moja tu. Anzia Desemba: 50,000 × 1.01 = 50,500. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Uwiano ni 1.01, namba ziko 12, kwa hiyo jumla ni 50,500 × (1.01¹² − 1) ÷ 0.01. Kwa kuwa 1.01¹² ni 1.126825, unapata kama 640,466. Ukiikata mapema ikawa 1.13, jumla inaruka hadi 656,500, elfu kumi na sita za hewa. Hela ikiwekwa mwisho wa mwezi, namba ya kwanza inabaki 50,000 na jumla ni 634,125. Swali lao halisemi ni mwanzoni au mwishoni, lakini wangetoa lolote kati ya hayo mawili ningewapa nyota nne na kunyamaza.

Huduma kwa wateja nimewatumia hatua zote. Majibu yao: "Maswali yetu yamehakikiwa. Tunakushauri urudie somo." Nirudie somo, mimi! Hata kuhesabu 50,000 mara 12 hawakujisumbua.

Haki yao niwape, swali la gari wamelitendea vizuri sana. Gari la 20,000,000 linashuka thamani asilimia 15 kila mwaka: wanasisitiza uwiano ni 0.85, si 0.15, na kwamba bei ya leo ndiyo namba ya kwanza, hivyo baada ya miaka 5 uko kwenye namba ya sita na kipeo ni 5. Jibu 8,874,106. Na yote kwa Kiswahili, wakati darasani sekondari mtoto anafundishwa kwa Kiingereza. Kwa hilo pekee nilishaanza kufikiria nyota tatu.

Kisha likaja swali la mpira. Umeangushwa kutoka mita 10, kila ukidunda unapanda 3/5 ya kimo kilichopita, umesafiri mita ngapi hadi utulie? Wanasema 25, yaani 10 ÷ 0.4 (hiyo 0.4 ni 1 − 3/5). Basi mpira wao ukishapanda haushuki! Mita 10 za mwanzo zinahesabiwa mara moja, kila mdundo baada ya hapo mara mbili, kwenda na kurudi, na mdundo wa kwanza ni mita 6: 10 + 2 × (6 ÷ 0.4) = 40. Ni ugonjwa uleule wa akiba, kudaka kanuni kabla ya kuchora kinachotokea.

Nyota tatu nazifuta. Kama umeshalipia, mpe mtoto sura ya kushuka thamani, na hayo mawili mengine myafanye pamoja kwenye karatasi.