Viti viwili, mgongo mmoja: uzoefu wangu wa kutafuta kiti cha kukalia kutwa

Mimi kazi yangu ni kuandika yanayosemwa kwenye rekodi. Naletewa sauti ya kikao cha masaa matatu, navaa hedifoni, natipa neno kwa neno, na chini ya meza kuna pedali naikanyaga kusimamisha na kurudisha sauti nyuma. Ni kazi ambayo haitaki uinuke inuke maana ukitoka katikati ya sentensi ukirudi unaanza upya kutafuta nani alikuwa anaongea. Kwa siku nakaa masaa tisa, kazi zikibana yanafika kumi na moja. Nasema haya mapema ili yule anayekaa lisaa limoja kujibu meseji ajue hayamhusu sana, huyo hata stuli ya jikoni inamtosha.

Kiti cha kwanza nilikinunua kwa macho. Kile wanachokiita kiti cha bosi, cheusi, ngozi ya bandia inang'aa, sponji nene kama godoro, egemeo linapita kichwa. Nikakikalia pale dukani kama dakika tatu hivi, nikazunguka nacho mara moja kama mtoto, muuzaji akaniambia "dada yangu, hapo utasahau hata kwenda nyumbani", nikacheka nikalipa. Kosa langu lote liko kwenye zile dakika tatu. Kiti laini kitashinda dakika tatu siku zote, unazama, makalio yanashukuru, unajiona mkurugenzi. Sasa subiri lisaa la tano. Lile sponji limeshabonyea mpaka ubao wa chini unausikia, yaani ile mifupa miwili ya makalio inakwambia kabisa hapa kuna mbao, na wewe bado una nusu ya rekodi.

Lakini niwe mkweli, sponji halikuwa tatizo langu kubwa, ndiyo maana nikapoteza muda mwingi kulaumu kitu kisichohusika. Kilichonitesa kilikuwa ganzi. Kila ikifika mchana mguu wa kulia unakufa kuanzia nyuma ya paja, nakanyaga pedali siisikii vizuri, sauti inakimbia. Halafu kiuno. Kiuno kikianza nikaweka mto mgongoni, nikaona nafuu, nikaongeza wa pili, nikaona nafuu zaidi, nikajisemea basi mimi mgongo wangu ndio mbovu unataka kushikiliwa. Kumbe mito ilikuwa inafanya kazi nyingine kabisa, nitaieleza.

Mwezi wa nane kiti kikaanza kuzama. Nakaa juu asubuhi, kufika saa nne niko chini kidevu kinakaribia kibodi. Kwa wasiojua, ile nguzo ya katikati ina silinda yenye gesi ya naitrojeni iliyogandamizwa, sili za ndani zikichoka gesi inavuja na kiti hakisimami tena. Silinda inabadilishwa, wala sio lazima utupe kiti. Ila mimi nilikuwa bize nikaendelea kukaa hivyo hivyo chini karibu wiki mbili, na hapo ndipo nikaona jambo la ajabu: ganzi imepungua! Mguu uko hai mpaka jioni. Badala yake mabega yakaanza kuuma, shingo nayo, kama nimebeba ndoo mbili kutwa nzima. Nikatafuta kipande cha bomba la plastiki, nikalipasua kwa urefu, nikalivalisha kwenye kile chuma chembamba cha silinda ili kiti kisishuke. Kiti kikabaki juu, mabega yakapona, ganzi ikarudi siku ileile. Juu miguu, chini mabega.

Nikachukua tepu ya fundi cherehani nikajipima, kitu ambacho nilitakiwa kukifanya kabla hata ya kutoka nyumbani kwenda kununua. Mimi ni mfupi, sio siri. Kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti nikiwa nimekaa na ndala zangu ni sentimita 41. Kiti kikiwa chini kabisa ni 43, na pale nilipokipandisha ili niifikie meza kilikuwa 50. Maana yake miguu inaning'inia, uzito wote wa mguu unabebwa na paja kwenye ukingo wa kiti, na ukingo wenyewe mgumu, hapo mishipa itapona vipi? Halafu nikapima kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, 44. Kikalio cha kiti cha bosi kutoka egemeo mpaka ukingo wa mbele kilikuwa 52. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mgongo wangu haujawahi kuligusa lile egemeo hata siku moja! Ili miguu ikunje nilikuwa nakaa mbele, nyuma kuna pengo, basi mgongo unapinda kama ndoano kujaza pengo, na mito miwili niliyoweka ilikuwa inaziba sentimita nane za kiti kilichotengenezwa kwa mtu mwingine.

Huko kupinda sio jambo la kupuuza. Kuna daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, miaka ya 1960 alikuwa anapima presha ndani ya diski za uti wa mgongo, vile visahani laini vilivyo kati ya pingili, kwa watu walio hai, kwa sindano kabisa, na alikuta presha ukikaa inazidi ukisimama, na ukikaa huku umeinama mbele inapanda zaidi. Halafu mwaka 2006 Waseem Bashir na wenzake huko Scotland wakawapiga watu 22 picha za MRI wakiwa wamekaa, wakaona mkao wa nyuzi 135 kati ya mgongo na mapaja, yaani umelala nyuma, unazisumbua diski kidogo kuliko ule wa nyuzi 90 tuliofundishwa darasani kaa wima kama askari. Sasa kwa nyuzi 135 mtu anatipa vipi hilo hawakuniambia, mimi nikijaribu naangalia dari. Nilichokiokota pale ni kwamba egemeo lazima lilale nyuma na lirudi na wewe, sio ubao uliosimama wima, na lazima ulifikie kwanza, maana egemeo usilolifikia ni pambo.

Kumbe viti vina saizi kama viatu. Kile kiti cha ofisini kinaitwa Aeron, cha kampuni ya Herman Miller, ambacho Bill Stumpf na Don Chadwick walikibuni na kikatoka mwaka 1994, kinauzwa kwa saizi tatu, A, B na C, na mimi ningekuwa na hela zake ningechukua A bila kujiuliza. Sina. Ila habari ya saizi iliniondolea unyonge, nikajua mwili wangu hauna kasoro, kiti ndicho kilikosea namba.

Kiti cha pili nikakitafuta na tepu mkononi. Nilitaka vitu vitatu tu: kishuke mpaka 41, kikalio kisogezeke mbele na nyuma, egemeo libembee. Rangi sikuuliza, cha kulalia kichwa sikutaka, mikono ya dhahabu sikutaka. Dukani vipya vya kunitosha vikanishinda bei, nikaishia kwa mzee mmoja anayeuza vilivyotumika, vinatoka kwenye maofisi yanayohama. Nikamwambia mzee wangu samahani, nataka nikae hapa dakika arobaini na kompyuta yangu, akacheka sana, akasema "kaa tu mwanangu, kiti hakiishi kwa kukaliwa". Nikakaa, nikatipa kweli. Cha kwanza dakika ya ishirini ukingo ukaanza kuniuma, nikahama. Cha pili mgongo wake una fupa la plastiki la kusukuma kiuno ambalo halishuki wala halipandi na lilikuwa linanisukuma kwenye mbavu. Cha tatu ndicho nilichonacho mpaka leo, mwezi wa kumi na tano huu.

Egemeo ni kitambaa cha wavu, kikalio ni sponji gumu kiasi, lile la kumwagwa kwenye kalibu ambalo halibonyei upesi kama la kukatwa. Chini kina chata ya EN 1335, kile kipimo cha Ulaya cha viti vya ofisini, ambacho kinahesabu mtu wa mpaka kilo 110 na masaa nane kwa siku. Mimi kwenye uzito bado nina nafasi, masaa ndio nimeyazidisha. Ukivuta leva ya kulia kikalio kinateleza, nikakirudisha nyuma mpaka mwisho, nikaweka vidole vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti vikaingia bila kubanwa. Hicho ndicho kipimo changu kwa kiti chochote siku hizi, hata kwa watu naenda kuwatembelea nachomeka vidole, wananishangaa.

Wiki ya kwanza nilikichukia lakini. Nikiegemea kinanirudisha mbele kwa nguvu kama kinanifukuza, nikadhani nimepigwa. Kumbe kuna nobu kubwa chini ya kikalio ya kukaza na kulegeza spring, na aliyekuwa anakitumia kabla yangu bila shaka alikuwa jitu zima, aliikaza mpaka mwisho. Nikaizungusha kinyume mizunguko isiyopungua kumi na tano nikiwa nimelala sakafuni, nikapanda, nikaegemea, kikalala na mimi taratibu na kikarudi na mimi. Tangu siku hiyo sijakifunga. Watu wengi wanafunga egemeo wima wanaona ndio adabu, wanamaliza faida yote ya kiti. Kile kibonge cha kushikilia kiuno nacho nilikiweka chini mno kikawa kinasukuma makalio yatoke, nikakipandisha kikakaa juu kidogo ya mkanda wa suruali, hapo mgongo ukatulia.

Halafu meza. Hapa ndipo wengi mtapigwa chenga kama mimi, mnanunua kiti kizuri mnakipeleka kwenye meza ileile. Meza yangu ilikuwa 75, mimi nikikaa kwenye 41 viwiko vyangu viko kama 64. Zile ndoo mbili mabegani zilitoka hapo, nilikuwa nainua mabega kutwa kuifikia kibodi. Wengine wanapandisha kiti wanaweka kibao cha kukanyagia miguu, ni suluhisho zuri tu, ila mimi nina pedali na pedali juu ya kibao inateleza. Nikaita seremala akate miguu ya meza sentimita 9. Aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nikamwambia kata. Kompyuta nikaipandisha juu ya vitabu ili nisiinamishe shingo, kibodi nikanunua ya pembeni.

Mabaya yake? Yapo. Mikono ya kiti inacheza cheza, ukikandamiza wa kushoto unalia kwiii, nimeweka grisi ukanyamaza mwezi mmoja ukarudi. Na mwanzo ilikuwa inagonga meza, ikabidi niishushe mpaka iingie chini, la sivyo nakaa mbali na kibodi na tunarudi kulekule kwa kuinama. Magurudumu yalikuja magumu, yale ya zulia, na mimi nina vigae, kiti kikawa kinakimbia kila nikikanyaga pedali. Yanachomolewa kwa mkono tu, nikaweka ya mpira laini, hakikisheni ncha ya kuchomeka inalingana, nyingi ni milimita 11. Wavu nao ukipata tobo hakuna wa kukushonea. Na hakitibu, jamani, kiti hakitibu mtu, kila rekodi ikifika nusu saa naisimamisha nasimama nanyoosha mgongo hata kama ni dakika moja, na kama maumivu yanakushuka mguuni mpaka kwenye unyayo usisome mambo ya viti, nenda hospitali.

Lakini ganzi imeisha. Sikumbuki mara ya mwisho ni lini. Mito miwili imerudi kitandani.

Kile cha bosi nilimpa mtoto wa kaka yangu, na bomba lake la plastiki vilevile. Yule kijana ana mita moja na themanini na nane, alikikalia, mgongo ukafika nyuma mpaka mwisho, miguu ikatua sakafuni bapa, akaniangalia kama nimemfanyia mzaha. "Shangazi, kiti chenyewe kitamu hivi unakitoaje?" Mpaka leo hajalalamika kiuno wala ganzi, analalamika ile ngozi ya bandia tu, inabanduka magamba meusi yanamganda kwenye shati.