Kidonda Kimepona, Lakini Yule Mfunga Vidonda Sijamsahau

Habari ya kuanguka na pikipiki naiacha. Nilianguka, muundi ukachanika, changarawe zikaingia ndani, nikapelekwa hospitali ambayo jina lake nalihifadhi. Mimi leo nina neno na gozi, kile kitambaa chepesi cha nyuzi kinachowekwa juu ya kidonda.

Ilikuwa siku ya pili au ya tatu tangu nitoke chumba cha upasuaji. Nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha kufungia vidonda. Aliyekuwa zamu ni bwana mmoja wa makamo, glavu tayari mkononi, salamu hana. Akafungua bendeji. Chini yake gozi ilikuwa imekauka kau, imegandamana na nyama. Nikajua sasa ataimwagia maji ya chumvi, asubiri ilainike; chupa nilikuwa naiona, ipo palepale mezani, imejaa. Bwana yule akashika ncha ya gozi akaivuta kwa mkupuo mmoja. Nilitoa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Damu ikashuka hadi kisiginoni, naye bila hata kuinua macho akasema: "Mwanaume mzima, gozi tu hii. Wenzio humu wanakatwa miguu."

Wenzio wanakatwa miguu! Kwa maneno yale manne hospitali yote ilinitoka rohoni. Shuka zikawa chafu, taa zikawa zinaniumiza macho, hata daktari aliyenipasua nikamwona tapeli. Maana huyo naye alikuwa ameniacha na jeraha wazi, halijashonwa hata uzi mmoja. Nikawa nalalamika kwa kila anayepita: fundi gani anaondoka na nyumba haina mlango?

Hapo nilikosea, nakiri. Sista mmoja wa usiku alinieleza polepole kwamba jeraha lililoingia udongo ukilishona siku hiyohiyo, vijidudu unavifungia ndani vifanye sherehe. Wanachofanya ni kukata nyama iliyokufa, kuosha kwa maji mengi, kukuchoma sindano ya pepopunda, kisha wanaliacha wazi siku tatu hadi tano waone kama limetulia ndipo walifunge. Kwa hiyo daktari alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na mdomo. Sawa.

Lakini kwa gozi sikukosea. Usiku ule usingizi uliponikataa nilisoma mpaka simu ikazima. Mwaka 1962 Mwingereza aitwaye George Winter aliwachana nguruwe vidonda vidogo, vingine akaviacha vikauke kwa hewa, vingine akavifunika kwa karatasi laini ya plastiki vibaki na unyevu. Vilivyofunikwa viliota ngozi kwa haraka karibu mara mbili ya vile vilivyokauka. 1962! Nguruwe walishajulikana kuwa wanapona vizuri zaidi wakiwa na unyevu, mimi bado nachunwa kikavu. Ile nyama mpya nyekundu inayoota ndani ya kidonda imejaa vimishipa vya damu. Gozi ikikauka, nyuzi zake hushikana navyo, na ukiivuta unang'oa kilichoota tangu jana. Nasikia zamani walifundishwa hivyo makusudi, gozi iwekwe ikiwa mbichi, ivutwe ikiwa kavu, ili ibebe uchafu. Inabeba, ndiyo. Haichagui lakini.

Basi nyota moja ya kumpa bwana yule kwenye maoni ya wagonjwa nilikuwa nimeshaiandaa, na maneno makali ya kuisindikiza.

Kama wiki moja baadaye hivi, zamu ikawa ya bwana yuleyule. Nikakaza meno. Kabla hajagusa kitu akainama, akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena. "Hii harufu siipendi," akasema, akabonyeza ukingo wa juu wa kidonda kwa kidole, mahali ambapo kwa macho yangu palikuwa pazima kabisa. Ukatoka usaha. Hakungoja daktari apite wodini kesho yake. Alitoka mwenyewe kwenda kumtafuta, akarudi naye. Jioni ile nikapigwa nusu kaputi, wakakuta mfuko wa usaha chini ya ngozi na nyama iliyogeuka nyeusi. Daktari aliniambia ilibaki kidogo tu ishuke mfupani, na ikishafika mfupani ni habari nyingine, ndefu.

Sasa mtu kama huyo unampa nyota ngapi?

Baada ya hapo nilifungwa kipande cha sifongo ndani ya kidonda, juu yake plastiki, na mpira uliounganishwa na mashine inayofyonza majimaji usiku na mchana. Kila baada ya siku mbili tatu wanabadilisha. Kidonda kikajaa nyama nyekundu yenye chembechembe, nami nikaanza kukitazama bila kugeuza uso. Kisha wakanipandikiza ngozi kutoka pajani. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: paja linauma kuliko kidonda chenyewe. Wanachukua utando mwembamba tu, na mishipa ya fahamu inabaki karibu uchi.

Sista wa usiku ndiye aliyenifunga mara nyingi kipindi hicho. Dawa ya maumivu nusu saa kabla, maji ya chumvi juu ya gozi, kisha anakaa anaongea na wewe mpaka ilainike. "Ikizidi, inua mkono, nitasimama," anasema, na kweli anasimama. Dakika tano hazifiki. Ndiyo maana hasira inanirudia nikikumbuka ile chupa mezani.

Siku ya kuondoka nilipishana na yule bwana kwenye korido. Akatazama mguu, uso hakuutazama. "Imeshika," akasema, akapita. Nikajikuta nimesema asante, kwa sauti, na njia nzima nilikuwa najilaumu kwa nini nimeisema, kisha najilaumu kwa nini nimeisema mara moja tu.

Nyota bado sijaziweka. Ukilazwa pale ukamkuta yeye zamu, mwambie kabisa alowanishe gozi kwanza. Atanuna. Mwache anune, ila akitaka kunusa kidonda, usimzuie.