Masaji ya Kithai, simu mkononi

Nimerudi kutoka Bangkok siku si nyingi na hasira bado haijanitoka. Sisi tunaofuata nguo soko la Pratunam tunajua mabega yanavyokuwa ikifika jioni, baada ya kutwa nzima ya kuburura mafurushi. Nikaingia duka moja la masaji uchochoroni, nyuma ya soko, nikaomba masaji yao ya asili, ile isiyotumia mafuta.

Hapo huvui nguo ukabaki uchi. Unaoshwa miguu, unapewa suruali pana, unalala kwenye godoro jembamba sakafuni, na mkandaji anakushughulikia kwa vidole gumba, viwiko, magoti, hata nyayo, akifuata mistari ya mwili wanayoiita sen.

Binti niliyepewa alianza vizuri. Kufika mapajani, simu yake ikalia. Akaishika! Mkono mmoja unanikanda, mwingine unaperuzi. Nikajisemea labda ana mgonjwa nyumbani, nikanyamaza. Kumbe anatazama video, vicheko navisikia. Kiwiko kikanishukia juu ya mfupa wa bega. Nikapiga kelele kwamba naumia, akaitikia "okei, okei" bila hata kuinua macho.

Kazi hii UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2019. Humo humo Bangkok, hekalu la Wat Pho lina mabamba ya mawe ya karne ya 19 yaliyochorwa mwili wa binadamu na mistari hiyo, na shule ya ukandaji ipo hapo tangu 1955. Watu walichonga mawe ili elimu isipotee, halafu mimi nilipie kukandwa na mtu anayetazama vichekesho?

Nikaamka, nikamwita dada wa mapokezi. Akacheka. Eti wateja wengine hawalalamiki. Maumivu ya bega yalipoa usiku ule ule. Kicheko kile mpaka leo kinaniwasha.

Nilishavaa kiatu kimoja ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akikunja taulo, akaja na kunishika mkono. Hatukuwa na lugha ya kuelewana. Akaniketisha, akapiga magoti nyuma yangu, akabonyeza bega kwa gumba na kutulia hapo hapo, akingoja nishushe pumzi ndipo aongeze. Shingo iliyonikatalia kugeuka kushoto tangu nikiwa Dar ikageuka. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Nilikuja hapa kuwaambia msiende kabisa. Sasa nasitasita, maana mikono ya yule mama sijawahi kukutana nayo popote. Basi nendeni, ila muulizieni mama wa taulo. Hapana, hata hivyo siwezi kulisifu duka linaloficha fundi kama yule kwenye taulo na kumweka mbele asiyejali.

Bakshishi nilimpa mama mkononi mwake. Wa mapokezi akadai na ya yule binti. Sikutoa, na angenifuata mpaka hotelini nisingetoa.