Nyanya ya kwenye ndoo: shina moja au mawili?

Kwenye kibaraza cha fleti Kariakoo, ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja tu wa nyanya ndefu, yaani aina inayoendelea kurefuka. Ukiuacha na shina moja, nyofoa kila chipukizi la kwapani (linaloota kati ya jani na shina) likifika sentimita 5 hivi, kwa vidole, asubuhi, ili kidonda kikauke. Kwa unyevunyevu wa Dar, kidonda kibichi hukaribisha ukungu. Matunda huwa machache ila makubwa, na huwahi kuiva.

Mashina mawili? Bakiza chipukizi lililo chini tu ya kichala cha kwanza cha maua, mengine yanyofoe. Matunda huongezeka, ila huwa madogo, na ndoo hukauka haraka. Ya lita 10 ni shina moja, bila ubishi.

Nyanya fupi, aina inayoacha kurefuka yenyewe, usiziguse: kila tawi unalokata lingezaa.