Kumtafuta askari wa Ireland kwenye tovuti za bure: zinakufikisha wapi, zinakwama wapi

Ukitaka kujua wazazi wa Mwairishi aliyetumikia jeshi la Uingereza, huduma mbili za Ireland zinatosha kuanzia, na zote ni bure. Ya kwanza ni irishgenealogy.ie, yenye sajili za vizazi, ndoa na vifo. Ya pili ni ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, yenye sensa za 1901 na 1911. Ubora wake unashinda tovuti nyingi za kulipia, lakini usiziingie na jina tupu. Andika John Murphy uone mafuriko.

Kwanza saka karatasi za jeshi. Kuruti aliulizwa alizaliwa parokia gani au karibu na mji gani, na jibu hilo ndilo ufunguo wa yote yanayofuata. Waliostaafu kati ya 1760 na 1913 wamo katika mfululizo wa WO 97 wa Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London. Picha zake mtandaoni ni za kulipia. Kwa vita vya 1914 hadi 1918 jiandae kukosa, maana mabomu ya 1940 yaliteketeza zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa kawaida. Hapo kimbilia wosia za askari, takriban 9,000, kwenye tovuti ya Hifadhi ya Ireland, bila malipo. Nyingi ni mistari michache tu, ila aliyerithishwa mara nyingi ni mama, jina na anwani yake vikiwemo.

Sasa ingia irishgenealogy.ie. Utaandika jina lako na kuweka tiki, kisha utafute kwa wilaya ya usajili. Hapa wengi hujikwaa: wilaya hizo hazifuati mipaka ya kaunti, kwa hiyo mtoto wa kaunti moja anaweza kuwa kwenye daftari la jirani. Weka nafasi ya miaka miwili mitatu kila upande, jaribu jina la ukoo ukiwa na O' na ukiwa bila. Kwa waliozaliwa kabla ya 1900 orodha haionyeshi ukoo wa mama. Fungua picha moja moja. Usishangae pia ubatizo kutangulia kuzaliwa. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, basi baba alisogeza tarehe mbele.

Sensa ndiyo tamu zaidi. Ile ya 1911 inaeleza mke ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, hivyo unaweza kuhakiki idadi ya ndugu. Umri wa wazee usiuamini: pensheni ya miaka 70 ilianza 1909, na wengi "walizeeka" ghafla. Askari aliyekuwa kambini mara nyingi ameandikwa kwa herufi za mwanzo tu, kwa hiyo tafuta nyumba ya wazazi wake badala ya kumsaka yeye kambini. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922.

Aliyezaliwa kabla ya 1864, usajili wa wote ulipoanza, mtafute kwenye rejesta za parokia za Kikatoliki za Maktaba ya Taifa, nazo bure. Pale hakuna kutafuta kwa jina. Unapekua kurasa mwezi kwa mwezi, zingine zimefifia vibaya, na mapadri wengi waliandika Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William.